Wahyi, ilhamu na wasiwasi

Maneno matatu yenye asili ya Kiarabu humsaidia Mswahili kupambanua sauti za moyoni: wahyi, ilhamu na wasiwasi.

Wahyi ni ujumbe wa Mungu kwa mitume, na kwa Waislamu mlango huo ulifungwa kwa Mtume Muhammad. Ilhamu, yaani wazo jema ambalo Mungu hulitia moyoni, yaweza kumjia mja mwema yeyote, lakini masheikh hufundisha kuwa haiwi sheria kwa wengine, na ikipingana na Kurani hutupwa.

Wasiwasi ndio wenye hadaa. Siku hizi neno hilo hutumika kwa maana ya hofu, ilhali asili yake ni mnong'ono. Sura ya 114, ya mwisho katika Kurani, ni kinga dhidi ya mnong'onaji. Wasiwasi hujivika ucha Mungu: mtu yuko bombani, ameshaosha mkono mara tatu, kitu kinamwambia udhu haujatimia, aanze upya.

Wakristo nao, katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, wameagizwa kuzijaribu roho. Msitu wa Shakahola, Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, unaonyesha gharama ya kutozijaribu. Makanisa na madrasa zina kila sababu ya kuwafundisha vijana tofauti hizi mapema.