Kiungani, Mlezi wa Walimu: Historia Fupi ya Chuo cha Mtakatifu Andrea

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 100 tangu Chuo cha Mtakatifu Andrea kifunge virago Kiungani, Unguja, na kuvuka bahari kwenda Minaki, karibu na Kisarawe. Waliosoma Minaki wana mengi ya kusimulia juu ya miaka yao wenyewe. Hata hivyo mazungumzo yao hayakawii kurudi Unguja, kwenye shamba lile la kusini mwa mji, maana huko ndiko walikotoka walimu, mashemasi na mapadre wa Kiafrika walioipeleka Injili bara kwa Kiswahili.

Misheni yenyewe ilizaliwa kwa hotuba. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alizungumza Cambridge, akawasihi vijana wa vyuo vikuu vya Uingereza waje kuendeleza kazi Afrika. Wakaitika, na shirika lao likajulikana kama Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifungua kituo Magomero, katika nchi ya Malawi ya leo, mwaka 1861. Januari 1862 homa ikamwondoa duniani, na wenzake kadhaa wakamfuata. Mrithi wake, Askofu William Tozer, akaamua kuliacha bonde la mto Shire huko Malawi na kuanza upya Unguja. Livingstone hakupendezwa hata kidogo, na wapo walioandika kwamba askofu amekimbia. Lakini Tozer aliona mbali: misafara ya bara ilianzia na kuishia Unguja, na lugha ya Unguja ilikuwa imekwishatembea hadi kwenye maziwa makuu.

Alishuka bandarini Agosti 1864, pamoja na rafiki yake Padre Edward Steere. Hawakukaa muda mrefu kabla Sultani Seyyid Majid hajawakabidhi watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hicho ndicho kilikuwa chuo chote: watoto watano waliotolewa makwao kwa nguvu, na wageni wawili ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kubabaisha. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo John Swedi, George Farajallah na Francis Mabruki, majina ambayo kila mwana wa Kiungani aliyajua. Farajallah alifariki mapema, mwaka 1870. Mabruki alitangulia Magila, katika nchi ya Wabondei, siku ambazo kituo kile kilikuwa bado kichanga. Swedi akawa shemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika misheni ile.

Shamba la Kiungani lilinunuliwa mwaka 1866. Kila manowari za Waingereza zilipokamata jahazi lenye watumwa, chuo kiliongezeka watoto: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wabisa na wengineo. Kilichowaunganisha ni Kiswahili. Wasichana nao walipata makao yao Mbweni, ambako Bi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na kuiongoza shule yao kwa robo karne. Walimu wengi wa Kiungani walioa Mbweni, na wake hao wakawa walimu wenzao huko vituoni, ingawa vitabu vya zamani havikuwapa nafasi waliyostahili.

Miaka ile haikuwa myepesi. Kipindupindu kiliupiga mji mwaka 1869 na 1870, na Aprili 1872 kimbunga kikang'oa mikarafuu na kuyaharibu majengo ya misheni. Afya ya Tozer ikashindwa, akajiuzulu mwaka 1873. Mzigo ukamwangukia Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874.

Juu ya Steere watu wa Kiungani hawajui kufupisha. Alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa padre, na alikiendea Kiswahili kama wakili anavyoiendea kesi: alisikiliza mashahidi kwanza. Alikaa na Waswahili wa mjini, akawauliza, akaandika, akarudi kuuliza tena. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili, kimoja cha kufundishia lugha na kingine cha ngano alizosimuliwa Unguja. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kuchapia, na waliopanga herufi walikuwa vijana wa chuo, wengine wao wakiwa hawana miaka mingi tangu watolewe ndani ya jahazi. Kufikia mwaka 1879 Agano Jipya lote lilikuwa limetafsiriwa. Kiswahili hicho cha Unguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kiungani ina haki ya kujivunia sehemu yake katika jambo hilo.

Kisha kuna habari za Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mjini. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba uliolifunga soko hilo. Padre Arthur West akanunua sehemu ya uwanja wa soko, na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine kama zawadi. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo likawekwa. Steere alikuwa mchoraji, msimamizi na mara nyingine fundi. Paa alilijenga kwa zege la mawe ya matumbawe na saruji, bila nguzo ya kulishikilia katikati, na wapo waliokuwa na hakika kwamba litaporomoka. Halijaporomoka mpaka leo. Wazee husimulia kwa kicheko kwamba Steere aliposafiri, mafundi walisimamisha nguzo za mahali pa ubatizo juu chini, naye aliporudi akaamua zibaki vivyo hivyo. Mgeni anayeingia kanisani bado anaonyeshwa nguzo hizo. Husimuliwa pia kwamba Barghash alitoa zawadi ya saa ya mnara, kwa sharti kwamba mnara usilipite jumba lake la Beit al-Ajaib kwa urefu.

Steere alifariki ghafla tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Wakati huo matunda ya Kiungani yalikuwa yamekwisha kufika mbali. Mmoja wa wanafunzi wake, Dallington Maftaa, aliondoka Unguja na msafara wa Henry Stanley mwaka 1874. Walipofika Buganda mwaka uliofuata, Kabaka Mutesa akaomba aachiwe mtu wa kumsomea Biblia. Dallington akabaki, akawa msomaji na mwandishi wa barua katika ikulu. Wamisionari wa shirika la Kiingereza la CMS walipowasili mwaka 1877 walimkuta kijana huyo ametangulia. Vitabu vingi vinaanza historia ya Ukristo wa Uganda kwa kina Alexander Mackay. Watu wa Kiungani hupenda kuianza miaka miwili nyuma zaidi.

Upande wa kusini, Steere aliwaongoza watu walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876, ili waishi karibu na nchi walizotoka. James Chuma, yule aliyeshiriki kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, alikuwa msaada mkubwa wa misheni katika safari za huko. Septemba 1882 Magwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni, waliivamia Masasi, na waliokuwapo walipita katika mtihani mgumu. Kazi ikahamia Newala kwa muda, kisha Masasi ikainuka tena.

Chini ya Askofu Charles Smythies, aliyefika mwaka 1884, chuo kilianza kujisemea chenyewe. Mwaka 1887 Arthur Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi, alitoa London kitabu kiitwacho *Kiungani*, chenye habari walizoziandika wanafunzi wenyewe: ngano za makwao, na jinsi kila mmoja alivyochukuliwa utumwani. Mwaka 1888 chuo kikaanzisha *Msimulizi*, linalohesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Kwa njia yake mwalimu aliyekuwa peke yake bara alipata habari za wenzake, naye akapeleka zake.

Mwana mpendwa kuliko wote ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeachwa huru, akasoma Kiungani, kisha Canterbury katika Chuo cha Mtakatifu Augustino. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kupelekwa Chitangali, kwa mfalme Barnaba Nakaam, na mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Kwa miaka kumi na moja alifundisha, alibatiza na kusimamia kanisa lililokua mikononi mwake bila Mzungu wa kukaa naye. Mwaka 1897 alirudi Unguja. Miaka yake ya baadaye haikuwa na furaha ile ile, na hapa hapana haja ya kuirefusha. Alichokijenga Chitangali kilitosha kuonyesha kwamba padre Mwafrika aliweza kuongoza.

Wengine waliomfuata wanastahili kurasa zao. Yohana Abdallah alikuwa padre Unangu, katika Msumbiji ya leo, na akaandika kwa Kiyao historia ya Wayao. Leonard Kamungu kutoka ziwa Nyasa alipata upadre mwaka 1909, akaenda Msoro, katika Zambia ya leo, akafia huko mwaka 1913. Samuel Sehoza alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa padre. Martin Kayamba, ambaye baba yake naye alisoma Kiungani, aliongoza mwaka 1922 kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga, na mwaka 1931 akatoa ushahidi London kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Mkuu wa chuo kuanzia mwaka 1901 hadi 1908 alikuwa Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar baada ya hapo. Alikuwa mkali wa ibada na mkali wa mafundisho. Mabishano yake ya mwaka 1913 na maaskofu wenzake juu ya mkutano wa madhehebu uliofanyika Kikuyu yameandikwa sana kwingine. Hapa atakumbukwa kwa darasa lake, na kwa jinsi alivyoisuta serikali ya nchi yake mwaka 1920 juu ya kazi za lazima. Alifariki Novemba 1924. Mwaka uliofuata chuo kilihamia bara, walikotoka wanafunzi wake wengi.

Minaki, chini ya Kanoni Gibbons kwa miaka mingi, ilifundisha walimu, na hospitali yake ikatoa wasaidizi wa tiba. Yaliyofuata, kwa ufupi:

1960: Jimbo la Kanisa Anglikana la Afrika Mashariki laundwa.

1964: Mapinduzi ya Zanzibar, misheni yajipanga upya visiwani.

1965: UMCA yaungana na shirika la misheni la SPG, na kuwa USPG.

1970: Tanzania yawa jimbo linalojitegemea, John Sepeku akiwa Askofu Mkuu wa kwanza. Katika kipindi hicho serikali yachukua shule za mashirika, Minaki ikiwamo.

2000: Mji Mkongwe, pamoja na Kanisa Kuu la Mkunazini, waingizwa katika Urithi wa Dunia.

2016: Ukarabati wa Kanisa Kuu wakamilika, na maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa yafunguliwa pembeni yake.

Minaki ya leo ni shule ya sekondari ya serikali, na wanafunzi wake ni wa dini zote.