HABARI ZA WATU WA BONDE LA NEANDER

Katika Ujerumani, karibu na mji wa Düsseldorf, liko bonde liitwalo kwa jina la Joachim Neander, mtunga nyimbo za Kanisa aliyefariki mwaka 1680. Jina hilo kwa Kiyunani maana yake ni "mtu mpya". Nalo ndilo bonde alimopatikana mtu wa kale sana.

Mwezi wa Agosti, 1856, wachimbaji wa mawe ya chokaa waliona mifupa pangoni, wakadhani ni ya dubu. Ikapelekwa kwa Johann Carl Fuhlrott, mwalimu wa skuli huko Elberfeld, naye akatambua kuwa ni ya binadamu wa zamani mno. Fuvu lilikuwa refu na la chini, na juu ya macho palikuwa na ukingo mnene wa mfupa.

Wakubwa wa elimu hawakuafikiana. Profesa Mayer wa Bonn alisema ni Kosaki, askari mpanda farasi wa Kirusi. Virchow, tabibu mashuhuri wa Berlin, alisema mwaka 1872 ya kuwa ni maradhi tu yaliyoiharibu mifupa. William King alikuwa amekwisha kumwita, mwaka 1864, Homo neanderthalensis, yaani aina nyingine ya mtu. Lakini alilipima fuvu hilo kwa mafuvu ya watu wa visiwa vya Andaman, aliowahesabu kuwa wa chini kuliko wote walio hai; kisha akanena kwamba mtu wa Neander hakuweza kumfikiri Mungu. Hivyo kwa neno moja aliwadharau wafu na walio hai pamoja.

Mwaka 1908 mapadre watatu wa Ufaransa, ndugu wawili Bouyssonie na Bardon, walifukua huko La Chapelle-aux-Saints mifupa ya mzee aliyezikwa shimoni, naye amepotewa na meno mengi. Marcellin Boule wa Paris alimweleza kuwa alitembea amepinda magoti, mfano wa nyani, na picha hiyo ikaenea duniani. Hata mwaka 1957 Straus na Cave wakaichunguza tena mifupa ile, wakaona mzee yule alikuwa na ugonjwa wa viungo. Wenzake wazima walisimama wima kama sisi.

Mwaka huo huo katika pango la Shanidar, nchi ya Iraki, alifukuliwa mwingine, aliyeumizwa vibaya usoni na mkono wake wa kuume umelemaa; naye aliishi miaka mingi baada ya majeraha hayo. Bila shaka walikuwapo waliomtunza.

Mwisho, mwaka 2010, Svante Pääbo na wenzake wa Leipzig walisoma chembe za urithi katika mifupa hiyo. Wakaona ya kuwa watu wa Ulaya na Asia wamerithi kwao kama sehemu 2 katika 100. Na mwaka 2020 ikadhihirika kwamba sisi Waafrika nasi tunayo sehemu, ingawa ndogo zaidi. Basi hao ni jamaa zetu.

Yatupasa walimu kuyafundisha haya kwa utaratibu. Mifupa haikubadilika tangu 1856. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji. Kipimo kile kile cha mafuvu kilitumiwa kuwapanga watu walio hai, Waafrika wakiwamo, daraja kwa daraja. Mwanafunzi akijua jinsi kilivyokosea juu ya wafu, hatakiamini juu ya jirani yake.