Mavi ya Chuma: Wahaya na Historia ya Chuma cha Pua

Takataka inayobaki chuma kinapoyeyushwa kutoka kwenye mawe, Waswahili wameiita mavi ya chuma. Wenzetu wa Kiarabu wakitucheka, tunawakumbusha kwamba kwao ni khabath al-hadid, na khabath nalo si neno la kumtajia mgeni mezani. Neno hilo tumelichagua kwa makusudi. Chuma kizuri hupatikana kwa kujua nini kitoke na nini kibaki, na elimu hiyo ilikuwapo kwetu kabla ya viwanda.

Hapa Al-Malqa malori ya nondo hayakatiki. Kwenye kiwanda cha Hadeed, Jubail, kilichoanzishwa mwaka 1979, mtapo huondolewa oksijeni kwa gesi asilia, kisha huyeyushwa kwenye tanuri la umeme pamoja na vyuma chakavu. Chokaa huvuta fosforasi na kuipeleka kwenye mavi yanayoelea juu. Shaba iliyoingia na vyuma chakavu haitoki hata moto uwe mkali vipi. Dawa yake ni kuzidisha chuma kipya ili shaba iwe haba.

Sasa twende magharibi mwa Ziwa Victoria, mkoa wa Kagera. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za matanuri ya Wahaya. Karibu na Ghuba ya Kemondo yalichimbuliwa mashimo ya matanuri yenye umri wa miaka kati ya 1,500 na 2,000. Kazi hiyo ilikuwa imekoma zamani, vyuma rahisi vya Ulaya vilipojaa sokoni, lakini walikuwapo wazee walioifanya ujanani. Wakaombwa wajenge tanuri tena, nao wakalijenga kwa kumbukumbu.

Shimo lilisiribwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto. Likajazwa manyasi ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa. Juu yake ukasimamishwa mnara mfupi, mirija ya udongo ikaingizwa ndani kabisa ya tanuri, na wavukutaji wakashika mivukuto. Mavi yaliyoyeyuka yalidondoka kwenye manyasi yale, na chuma kikabaki bonge. Kaboni ya makaa iliingia kwenye chuma, kikawa chuma cha pua. Halafu bonge likapondwa kwa nyundo ili mavi yaliyojificha yatoke.

Tuangalie mkaa hasa. Mkaa wa miti una salfa kidogo sana. Waingereza walipohamia makaa ya mawe yaliyookwa, kuanzia kwa Abraham Darby mwaka 1709, waliingiza salfa ndani ya tanuri kwa mikono yao. Bessemer naye, mwaka 1856, alitangaza njia ya haraka ya kutengeneza chuma cha pua, lakini mtapo wenye fosforasi ulitoa chuma kinachovunjika. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1878, Sidney Gilchrist Thomas alipoonyesha kwamba chokaa inaiondoa.

Kuna jambo tunalopaswa kulisema, maana tumelisikia likirudiwa kwa majigambo: kwamba Wahaya waliitangulia Ulaya kwa kupasha hewa moto ndani ya mirija kabla haijafika kwenye makaa. Schmidt na Avery walidai hivyo. J. E. Rehder alipinga mwaka 1986, na David Killick baadaye pia. Sisi tunaona hoja za wapinzani zina uzito, na wala hatuihitaji hewa ile ya moto. Bonge la chuma cha pua halina ubishi, na linatosha kumjibu anayesema chuma kililetwa na meli.

Tena meli zilikuwa zikikibeba. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, anasema chuma cha Sofala kilipelekwa India na kusifiwa kwa ubora, na kwamba watu wa Malindi walikuwa na migodi ya chuma. Huko India kilifuliwa kuwa makali. Babu zetu walipotaja upanga wa feleji walimaanisha chuma bora kabisa, na huenda baadhi yake kilikuwa kimeondoka pwani hiyohiyo kikiwa bonge.

Kule Kemondo, vipande vya mavi ya chuma vilitoka shimoni na alama za manyasi zikiwa bado zimechapika juu yake.