Jicho la Mwenye Bunduki: Kutoka Gumegume hadi Polikaboneti

Malili ni mji mdogo wa Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya mji wa teknolojia wa Konza, unaojengwa juu ya ekari 5,000 ambazo serikali ilizinunua mwaka 2009 kutoka shamba la mifugo la Malili. Lakini Ukambani, tangu nyanda hizi za Konza hadi Kitui ng'ambo ya mto Athi, una historia iliyotangulia mitambo ya kompyuta kwa miaka mingi. Ni nchi ya walenga shabaha. Imetoa wawindaji hodari, na baadaye askari wa jeshi na polisi kwa wingi kupita sehemu nyingi za Kenya. Makala haya yanafuata uzi mmoja tu wa historia hiyo: jicho la mtu anayefyatua silaha, na sababu zilizofanya kinga yake ichelewe kupatikana.

Silaha ya jadi ya Ukambani ilikuwa upinde, na mishale yake ilipakwa sumu iliyopikwa kutokana na mti wa msunguti. Upinde ni hatari kwa anayelengwa, lakini haumtishi sana anayeuvuta. Hakuna moto karibu na uso wake, wala kipande cha chuma kinachoruka kurudi nyuma. Kwa hiyo mwindaji hakuwa na sababu ya kulihofia jicho lake mwenyewe, isipokuwa kwa miiba na vumbi la nyika.

Hatari yenyewe iliingia na misafara. Katikati ya karne ya 19 Wakamba walikuwa wameshika njia za biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 na kukutana na mfanyabiashara mashuhuri Kivui wa Mwenda. Mwaka 1851 Kivui aliuawa msafara wao uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Bunduki za biashara za zama hizo zilikuwa za gumegume au za fataki. Katika bunduki ya gumegume, jiwe hugonga chuma na cheche huangukia baruti iliyowekwa kwenye kisahani kidogo, na kisahani hicho kiko mbele kidogo tu ya jicho la mlengaji. Baruti hiyo huwaka hadharani. Bunduki ya fataki ilipunguza mwako huo, lakini ilileta balaa lingine, kwani kifuniko chembamba cha shaba kilichobeba fataki kiliweza kupasuka na kurusha vipande. Hapakuwa na kinga yoyote. Mfyatuaji alifumba macho au aligeuza uso, na risasi ikaenda ilikotaka.

Kisha ikaja dola. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo Machakos mwaka 1889. Reli ikapita Konza na kufika Nairobi mwaka 1899. Na mwaka 1902 kikaundwa kikosi cha King's African Rifles, ambacho wananchi walikiita Keya. Askari walipewa bunduki za Martini-Henry, na baadaye Lee-Enfield. Hapa msomaji aangalie jambo ambalo huwa halitiliwi maanani. Risasi ya bunduki hizo ilikuwa imefungwa ndani ya ganda la shaba, na baruti ikilipuka ganda hilo hutanuka na kuziba mlango wa nyuma, hata gesi isiweze kumrudia mfyatuaji. Bunduki mpya ilikuwa salama zaidi kwa jicho kuliko gobori la mababu. Ndiyo maana maofisa hawakuona tatizo. Hatari ya zamani ilikuwa imepungua, na ile mpya ilikuwa bado haijafika.

Kwa nini Wakamba waliingia jeshini na polisi kwa wingi hivyo? Maofisa wa kikoloni walisema Wakamba walizaliwa wapiganaji. Wanahistoria wa baadaye wameitazama njaa ya Ukambani, kodi, na uhaba wa kazi nyingine yenye mshahara. Maelezo haya ya pili yana uzito zaidi, kwa sababu hayohayo ya kwanza yalisemwa juu ya kabila lolote ambalo lilikuwa likijiandikisha kwa wingi wakati huo. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba serikali iliwategemea. Mwaka 1938, ilipojaribu kuwapunguzia watu wa Machakos mifugo yao kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza maelfu hadi Nairobi kupinga, na serikali, iliyowahitaji vijana wa Ukambani katika vikosi vyake, hatimaye ikalegeza msimamo.

Hatari mpya ilijionyesha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mizinga na mabomu ya mkono hayaui kwa risasi moja. Hutawanya vipande vya chuma, mawe na mchanga pande zote. Kipande kidogo ambacho kikiingia pajani huacha kovu tu, kikiingia jichoni huacha upofu. Huko Uingereza daktari wa macho Richard Cruise alibuni pazia la minyororo midogo la kuning'inia kwenye kofia ya chuma. Lilikinga, lakini lilicheza mbele ya macho na kuwatia askari kizunguzungu, nao wakaliacha. Jaribio hilo linafunua kiini cha tatizo lote: kinga inayomzuia askari kuona haitavaliwa, hata ikiwa nzuri namna gani.

Basi kwa nini miaka mingine mingi ilipita bila kinga? Wapo wanaosema ni dharau ya wakubwa. Hoja hiyo ina ushahidi wake katika Afrika Mashariki, kwani askari wa Keya walipigana Vita vya Kwanza bila viatu, na viatu vya kawaida havikuwafikia wengi wao mpaka Vita vya Pili. Aliyenyimwa viatu asingepewa miwani. Wengine husema ni desturi ya kiaskari, kwamba miwani ilihesabiwa kuwa ya karani. Mimi naona sababu hizi mbili ni za kweli lakini hazitoshi, kwa sababu hata majeshi yaliyowajali askari wao hayakuwa na kitu cha kuwapa. Kioo cha kawaida kikipigwa huvunjika na kuwa silaha chenyewe. Mfaransa Édouard Bénédictus alipata haki ya ubunifu wa kioo cha tabaka mwaka 1909, nacho kikatumika katika vinyago vya kuzuia gesi, lakini kilikuwa kizito. Akriliki ya miaka ya 1930 ilikuwa nyepesi, ila nayo ilipasuka: marubani wa Uingereza katika Vita vya Pili walipata vipande vyake machoni, na daktari Harold Ridley, alipogundua kwamba jicho linavivumilia, alitumia ujuzi huo kupandikiza lenzi ya kwanza ya bandia mwaka 1949. Ni baraka iliyotoka katika msiba, na mamilioni ya wagonjwa wa mtoto wa jicho wanaifaidi hadi leo.

Mwaka 1953 ndio ulioleta mabadiliko. Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani, kila mmoja bila kujua kazi ya mwenzake, walipata plastiki iitwayo polikaboneti. Ikipigwa haivunjiki kama kioo. Hubonyea na kuisambaza nguvu ya pigo. Ni nyepesi, inapitisha mwanga vizuri, na hata ikiwa nyeupe kabisa huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ya jua.

Vita viliharakisha matumizi yake. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, majeraha ya macho yalikuwa takribani nusu ya asilimia 1 ya majeraha yote. Vietnam yalifika karibu asilimia 9, na katika Vita vya Ghuba vya 1991 asilimia 13. Jicho halikuongezeka ukubwa. Kilichoongezeka ni vilipuzi, na pia uhodari wa madaktari na mavazi ya kifua, yaliyowaokoa watu ambao zamani wangekufa kabla macho yao hayajahesabiwa. Sababu zote mbili zilifanya kazi pamoja, na ni vigumu kuzitenganisha.

Kenya ilipata somo lake Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Kabla ya bomu kubwa kulipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kulisikika mlio mdogo na milio ya risasi, na watu wa maofisi ya jirani wakakimbilia madirishani kuangalia. Mlipuko ukawakuta hapo. Watu 213 walikufa, maelfu wakajeruhiwa, na wengi miongoni mwao walipoteza jicho moja au yote mawili kwa vipande vya vioo. Baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011, mabomu ya kutegwa barabarani yakawa hatari ya kila mara kwa polisi wa Mandera, Garissa na Lamu, na bomu la ardhini hurusha changarawe usoni.

Hata pasipo vita, uwanja wa shabaha una hatari zake. Bunduki zinazojipakia zenyewe zimerudisha karibu na uso kile ambacho Lee-Enfield ilikuwa imekiondoa. Bunduki ya G3, iliyotumiwa na polisi wa Kenya kwa miaka mingi, hutupa maganda yake kwa nguvu kubwa, na ganda la moto la jirani likitua kati ya nyusi na miwani huunguza na kumfanya mtu ageuke na silaha mkononi. Risasi ikipiga bamba la chuma hurudisha vumbi la risasi. Anayefyatua kwa bega la kushoto hupitiwa na maganda mbele ya uso wake.

Kwa haya yote, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa mahali ambapo mfanyakazi amekabiliwa na hatari. Neno zito hapo ni kufaa. Miwani ya jua inayotundikwa kwenye vibanda vya barabara ya Mombasa inatia kivuli tu, na kioo cheusi kisichozuia urujuanimno ni kibaya kuliko kutovaa, kwani mboni hutanuka gizani na kuipokea miale mingi zaidi. Kwa jua kali na vumbi la Malili, lenzi ya rangi ya moshi yafaa nje, lakini askari anayeingia nyumba yenye giza akiwa nayo amejipofusha mwenyewe. Fremu inayobadilishwa lenzi, moja ya moshi na moja nyeupe, ndiyo chaguo la busara. Miwani ipinde hadi kwenye panja na ikaribie nyusi, na kofia yenye ukingo ivaliwe juu yake. Anayehitaji miwani ya daktari apate lenzi za kuwekwa ndani ya ile ya kinga. Miwani ya wazi pembeni haisaidii dhidi ya gesi ya kutoa machozi. Hapo panahitajika ile inayoziba pande zote. Lenzi yenye vumbi isuguliwe baada ya kumwagiwa maji, si kabla, na isiguswe na petroli wala asetoni, maana hupasua polikaboneti.

Hakuna miwani inayozuia risasi, na anayeuza kwa ahadi hiyo anadanganya. Vipimo vilivyopo ni vya vipande. Alama ya Marekani ya Z87+ na herufi F ya kiwango cha Ulaya cha EN 166 humaanisha kwamba lenzi ilistahimili gololi ndogo ya chuma iliyorushwa kwa takribani mita 45 kwa sekunde. Kipimo cha kijeshi cha Marekani hutumia kipande cha milimita 3.8 kwa mwendo wa karibu mita 195 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya huo. Kwa uwanja wa shabaha kipimo cha kwanza kinatosha. Kwa askari anayepanda gari kwenda Mandera, hakitoshi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, geuza fremu, soma alama zilizochapwa ndani ya mkono wake na kwenye kona ya lenzi, na ukikuta hakuna kilichoandikwa, rudisha miwani hiyo mezani.