Nani Mwenye Jina? Usajili wa Vikoa katika Mpaka wa Busia na Tororo

Jina la kikoa husajiliwa kwa muda, na haki ya kulitumia hudumu maadamu ada inalipwa. Katika mji wa Busia, uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, na huko Malaba wilayani Tororo, mfanyabiashara mmoja huweza kuhitaji majina mawili: la .ke na la .ug. Kikoa cha .ke kilianza mwaka 1993 na kimesimamiwa na KENIC, rejista ya Kenya, tangu mwishoni mwa 2002; cha .ug kilianza 1995 na huendeshwa kutoka Kampala. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe Busia mwaka 2018, lori hukaguliwa upande mmoja tu wa mpaka. Majina hayana kituo cha aina hiyo. Kila rejista ina kanuni zake, ada zake na njia yake ya kupokea malalamiko.

Mara nyingi mwenye duka hamwendei wakala wa usajili mwenyewe. Humlipa fundi anayemtengenezea tovuti, na fundi hulisajili jina kwa akaunti yake, barua pepe yake na simu yake. Hapo ndipo udhibiti unapopotea, kwani rejista humtambua aliyeandikwa, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwa mwingine. Anayeshika akaunti ndiye anayebadili seva za majina, na kwa hiyo ndiye anayeamua wateja wafikie tovuti ipi na barua pepe ziende wapi. Fundi akihama au wakikosana, duka hubaki na risiti tu.

Hata aliyeandikwa kwa jina lake yumo hatarini iwapo anwani ya mawasiliano inatumia kikoa kilekile. Muda wa usajili ukiisha, tovuti huzimika pamoja na barua pepe, na ujumbe wa kurejesha nywila haufiki. Vivyo hivyo iwapo akaunti iliandikiwa laini ya simu ya upande wa pili wa mpaka, kisha ikaachwa bila kutumiwa hadi ikafungwa.

Kwa majina kama .com, kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, humtaka wakala atoe msimbo wa kuhamishia jina ndani ya siku 5 baada ya mmiliki kuuomba. Kanuni hizo hazivifungi vikoa vya nchi kama .ke na .ug. Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda za mwaka 2019 humpa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe, lakini asiyeandikwa popote kwenye rejista hana cha kusahihisha. Kinga lazima ianzie kwenye usajili wenyewe: rejista zote mbili ziwalazimishe mawakala kumwandika mtumiaji kuwa mmiliki, zimtumie yeye mwenyewe taarifa ya kila badiliko, na zimpe msimbo wa uhamisho bila kumpitisha kwa fundi.