Kimo cha Kwanza cha Kamioneti ya Zamani

Mji wa Lubumbashi ulizaliwa na shaba na reli. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika, na mji ukaanzishwa kwa jina la Elisabethville, jina lililodumu hata mwaka 1966. Mwaka 1910 ndipo walipofika Wabenedikto wakiongozwa na Padre Jean-Félix de Hemptinne, na mwaka 1911 wakaja Wasalesiani. Lakini reli haikufika kila kijiji. Pale ilipokoma ndipo ilipoanza kazi ya wapagazi, na baadaye kazi ya motokaa.

Thamani ya motokaa kwa misioni ilijulikana kwa msiba. Mwaka 1925 Padre Otto Fuhrmann alifariki katika nchi iitwayo leo Namibia, kwa kukosa chombo cha kumfikisha haraka penye matibabu. Rafiki yake, Padre Paul Schulte wa Shirika la Oblati, akaanzisha chama cha MIVA mwaka 1927, ili wamisionari wapate vyombo vya safari. Basi, gari la zamani lina historia yake, na yafaa historia hiyo isomwe kwa uangalifu.

Tuseme mtu wa mtaa wa Hewa Bora anayo kamioneti ya Chevrolet ya miaka ya 1947 hata 1955, naye ataka kuirudishia kimo chake cha kwanza. Afanyeje? Miaka mingi imebeba makala na mahindi. Springi zimelala, au fundi ameongeza pleti mpaka gari limeinuka nyuma kama panzi. Macho hayatoshi.

Kwanza, alijue gari lenyewe. Apime toka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma. Aina ya 3100, iliyohesabiwa kuwa ya nusu tani, ina inchi 116. Aina ya 3600 ina inchi 125 na robo. Kila aina ina springi zake, na vipimo vya moja vikitumiwa kwa nyingine vitapotosha.

Pili, atafute kitabu cha kiwanda. Asishangae akikosa kimo cha madigadi toka chini, kwa kuwa hicho hubadilika kwa matairi na upepo wake. Mara nyingi kitabu hueleza springi yenyewe: urefu, idadi ya pleti, unene wake, na uzito inaoubeba.

Tatu, akiuliza chuma, chuma kitajibu. Pleti yenye unene tofauti na wenzake, au yenye alama za kuchomelewa, ni mgeni. Picha ya zamani ya gari tupu nayo ni shahidi: ukubwa wa gurudumu ukijulikana, nafasi iliyo juu yake yaweza kukadiriwa.

Mwisho apime. Gari liwe tupu, mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa. Alitikise kwanza, maana pleti hushikana kwa msuguano na kudanganya kipimo. Kisha apime kulia na kushoto, toka ekseli hata chasisi. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alitangaza ya kuwa springi huvutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Kwa hiyo kilo 100 zikilishusha gari sentimeta 2, kilo 200 zitalishusha kama sentimeta 4. Hivyo fundi aweza kulinganisha springi aliyo nayo na maandiko ya kitabu.

Je, kazi hii yote ni ya nini? Ni kwa ajili ya uhai wa watu. Gari lililoinuliwa nyuma hubadilika usukani. Likilala nyuma, taa zake huwapofusha wanaokuja. Tena, pleti za nyongeza haziongezi nguvu ya breki wala ya ekseli. Gari hilo laonekana kubeba bila taabu, na mwenyewe adhani ni imara. Siku ya mteremko ndipo ukweli hujulikana, na abiria walioketi juu ya magunia ndio hulipa.

Kiwanda kiliweka kimo kile kwa hesabu ya mzigo. Anayekitafuta kwa bidii atajua pia mpaka wa mzigo wenyewe, na akiuheshimu, atawafikisha jirani zake nyumbani salama.