Ugumba si wa Mke Peke Yake

Mtaani kwetu ndoa ikipita miaka mitatu bila mtoto, mawifi huanza kumwangalia mke tumbo. Mume haulizwi kitu. Huambiwa tu aoe mwingine. Na huyo naye asiposhika mimba, inasemwa nyumba imerogwa.

Leo nawakumbusha kisa cha Lesley na John Brown wa Uingereza. Walihangaika miaka tisa. Mirija ya uzazi ya Lesley ilikuwa imeziba. Daktari Patrick Steptoe, mtaalamu Robert Edwards na muuguzi Jean Purdy wakatoa yai lake, wakalirutubisha nje ya mwili, kisha wakalirudisha tumboni. Tarehe 25 Julai 1978, mjini Oldham, akazaliwa Louise.

Hapo alisaidiwa mke. Mume mwenye mbegu dhaifu alingoja hadi 1992, wataalamu wa Brussels walipotangaza mimba zilizopatikana kwa kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano. Basi kasoro yaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili.

Sisemi kila mmoja atafanikiwa. Gharama ni kubwa, na majaribio mengi hushindwa. Lakini magonjwa ya zinaa, ambayo huziba mirija, yana dawa yakiwahiwa.

Kwa hiyo, mabwana, kabla ya kumrudisha mke kwao, nendeni hospitali wote wawili. Kupima mbegu hakuumi. Kinachouma ni kumfukuza mtu asiye na kosa.